Mawimbi ya uvutano: kazi kubwa ni kunyamazisha kelele

Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO, mradi wa kunasa mawimbi ya uvutano nchini Marekani, vilinasa mtikisiko uliodumu kama sekunde 0.2. Chanzo chake kilikuwa mashimo meusi mawili, yaani vitu vyenye uvutano mkali hata nuru haitoki, yaliyozungukana hadi yakaungana, umbali wa miaka nuru bilioni 1.3 hivi. Moja lilikuwa na tungamo la takriban majua 36, jingine 29. Lililozaliwa likawa la 62. Tungamo la majua 3 liligeuka nishati na kusambaa kama mawimbi ya uvutano, yale aliyoyatabiri Albert Einstein mwaka 1916.

Wimbi la namna hii linapopita hunyoosha nafasi kuelekea upande mmoja na kuibana upande unaoukingama, kisha hubadilisha. Ndiyo maana kila kituo kina mabomba mawili ya kilomita 4 yaliyokaa kama herufi L. Mwali wa leza hugawanywa, kila nusu ikaingia bomba lake na kwenda na kurudi kati ya vioo mara 300 hivi. Kukiwa shwari, nusu hizo zikikutana tena hufutana, na kitambuzi hubaki karibu gizani. Bomba moja likirefuka kidogo kuliko jingine, nuru hupenya.

Huo udogo ndio kiini cha jambo. Badiliko la 2015 lilikuwa dogo mamia ya mara kuliko kipenyo cha protoni. Ukipima kwa kiwango hicho, lori barabarani, upepo, hata mawimbi ya bahari ya mbali, vyote ni kelele. Kwa hiyo hewa huondolewa mabombani, na kila kioo, chenye kilo 40, huning'inizwa kwa nyuzi za kioo zenye unene wa milimita 0.4 tu.

Bado kelele hupata njia. Mwaka 2017, kituo cha Hanford, kimoja kati ya vile viwili vya LIGO, kilisumbuliwa na mishtuko isiyoeleweka. Wataalamu walikuta alama za midomo ya kunguru kwenye barafu iliyoganda juu ya bomba la nitrojeni: ndege walikuwa wakiidonoa. Nauheshimu sana uchunguzi wa aina hiyo. Sayansi hii inasimama juu yake.

Kinga nyingine ni kuwa na vituo zaidi ya kimoja. Kunguru wa Hanford hawezi kutikisa vioo vya Livingston, kituo cha pili cha LIGO, kilomita 3,000 kutoka hapo. Ishara ya 2015 ilifika Livingston kwanza, kisha Hanford milisekunde 7 baadaye, ikiwa na umbo lilelile.

Kituo cha tatu, Virgo cha Italia, kilisaidia kujua ishara zinatoka wapi. Tarehe 17 Agosti 2017 ilinaswa ishara ya mgongano wa nyota mbili za nyutroni, yaani masalia mazito ya nyota zilizokufa. Virgo haikusikia karibu chochote, na ukimya huo wenyewe ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa kwenye eneo la anga ambalo haisikii vizuri. Eneo la kutafuta likapungua, na saa chache baadaye darubini zikaiona nuru ya mgongano huo kwenye galaksi NGC 4993.