Kabla ya Kulivunja Gari la Kale Liuzwe Spea, Kagua Bodi

Mtu anaponiita nitazame gari la kale lililolala uani kwa miaka mingi, jambo analotaka kujua kwanza ni kama injini itawaka. Ni swali la haki, lakini silo linaloamua kama gari lihifadhiwe au livunjwe liuzwe spea. Kazi yangu hapa Nairobi ni kukagua na kukarabati magari ya miaka ya 1960 na 1970, hasa Peugeot na Datsun, na msimamo wangu ni huu: kinachoamua ni hali ya bodi, yaani mwili wa bati wa gari, na uhalali wa hati zake. Injini, giaboksi, difu, viti na taa vyote vimefungwa kwa bolti, na kilichofungwa kwa bolti kinaweza kufunguliwa, kutengenezwa, kubadilishwa au kuachwa kikingoje hadi pesa zipatikane.

Nitaeleza kwa kutumia gari moja nililolikagua huko Kikuyu, Peugeot 404 yenye injini ya injekshini (inayosukumiwa mafuta na pampu badala ya kabureta) na usukani wa kulia, mali ya mama mmoja mstaafu aliyeachiwa na marehemu mumewe. Dalali alikuwa amekwisha kumfikia na kumtajia bei ya pampu ya mafuta peke yake, na bei hiyo ilimshangaza. “Fundi,” aliniuliza, “ikiwa pampu tu inanunuliwa hivyo, je, gari zima si litanipa zaidi nikiliuza kipande kimoja kimoja?” Nilimwambia kwamba kwenye karatasi hesabu yake ilikuwa sahihi, na kwamba ningemjibu vizuri zaidi baada ya kuingia chini ya gari.

Ni muhimu kwanza kuelewa uhaba wa gari lenyewe, kwa sababu jina la 404 huwapotosha watu wengi. Gari hili, ambalo umbo lake lilichorwa na Pininfarina, lilianza kuuzwa mwaka wa 1960, na kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.8. Pikapu zake ziliendelea kuundwa hapa Kenya hadi mwaka wa 1991, na kuna kizazi kizima kilichosafiri kwenda mashambani kikiwa kimebanana ndani ya Peugeot za abiria. Anayekumbuka hayo husema kwamba 404 si gari adimu, naye anasema kweli kuhusu 404 ya kawaida yenye kabureta. Ile ya injekshini ni habari nyingine. Injini yake ina ujazo uleule wa sentimita za ujazo 1618, lakini mafuta yanasukumwa na pampu ya Kugelfischer, ambayo iliipandisha nguvu hadi farasi 96. Hilo ndilo gari ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo Safari Rally mwaka wa 1966 na 1967. Nick Nowicki naye alikuwa ameshinda kwa 404 mwaka wa 1963 na akarudia mwaka wa 1968, na katika mashindano hayo mawili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho kila mara. Kwa hiyo, unapohesabu uhaba, usihesabu 404 zote duniani. Hesabu zile za injekshini, kisha zenye usukani wa kulia, kisha ambazo mfumo wake wa mafuta haujang’olewa. Injini nyingi za aina hiyo nilizozikuta Nairobi zilikuwa zimevuliwa pampu zamani na kufungwa kabureta, kwa kuwa fundi wa karibu hakuwa na namna ya kuirekebisha.

Sasa turudi kwenye bodi. Gari hili halina chesisi iliyotengana na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa hiyo kutu ikila mahali fulani haili pambo bali inakula uti wa mgongo. Sehemu ninazoanza nazo ni vizingiti vya chini ya milango, sakafu kwenye miguu ya dereva, na vikombe vya juu ambavyo shoki za mbele hujishikiza kwavyo ndani ya boneti. Mbele ya 404 imeundwa kwa mtindo wa McPherson, maana yake uzito na mapigo ya barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye vikombe hivyo. Madigadi ya mbele yakioza hayanisumbui, kwa sababu yanafunguliwa kwa bolti na kuwekwa mengine. Vikombe vikioza, ninakaa chini na mwenye gari tuzungumze kwa utulivu.

Vifaa vya ukaguzi si vya ajabu. Nina sumaku ndogo iliyofungwa ndani ya kitambaa, ambayo hushika bati lakini hukataa kushika mahali palipojazwa fila, ule uji mgumu wa kuzibia mashimo ya bati. Nina bisibisi ambayo ninagongea kwa mpini wake kizingiti chote kutoka mbele hadi nyuma, nikisikiliza: bati zima hutoa mlio mkali, na bati lililooza kwa ndani hutoa sauti iliyozimika, hata kama rangi ya juu inang’aa. Kisha ninapachika jeki katikati ya kizingiti, ninainua gari polepole hadi magurudumu ya upande huo yakaribie kuondoka ardhini, halafu ninafungua na kufunga milango. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwaruza, au nafasi kati ya mlango na nguzo ikibadilika, ujue bodi inajikunja kwa sababu imepoteza nguvu. Gari la Kikuyu liliinuliwa na milango yake ikafunga kama ilivyofunga lilipokuwa chini. Kutu niliyoikuta ilikuwa chini ya kioo cha mbele, ambapo majani ya jakaranda yalikuwa yamerundikana miaka mingi na kuziba matundu ya kutolea maji, na kwenye kipande cha sakafu ambacho fundi mzuri wa bodi anaweza kukikata na kuchomelea bati jipya.

Hali hiyo haikunishangaza sana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, barabara zetu hazimwagiwi chumvi kama zile za Ulaya wakati wa baridi, na gari lililoishi maisha yake yote kati ya Limuru na Nakuru huwa na mifupa ambayo mkusanyaji wa Uingereza angeitamani. Lililoishi Mombasa ni tofauti kabisa. Hewa ya bahari huingia mpaka ndani ya nguzo za milango. Pia tukumbuke kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umezidi miaka 8, hivyo mtu hawezi kuamka asubuhi na kuagiza bodi nyingine ya mwaka wa 1965 kama anavyoagiza gari la kawaida kutoka Japani. Kila bodi nzima tunayoikata hapa inapunguza idadi ambayo ni vigumu mno kuijaza tena. Hoja hiyo mimi huipa uzito mkubwa, na sioni haya kusema kwamba inaniuma kuona bodi kavu ya nyanda za juu ikikatwa kwa moto ili ibebwe kwa urahisi.

Hati ndizo zinazofuata. Ninalinganisha nambari iliyopigwa kwenye bodi, kibati kilichoko ndani ya boneti, nambari ya injini na kile kilichoandikwa kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Vyote vikikubaliana, gari lina utambulisho, na utambulisho huo una thamani yake hata kama injini imekwama. Visipokubaliana, ninataka maelezo yenye karatasi, kwa sababu wapo wanaohamisha kibati kutoka gari moja hadi jingine, na anayenunua gari la namna hiyo ananunua kesi. Kuhusu masimulizi ya kwamba gari lilikimbia Safari, ninayapokea kwa heshima lakini siyapandishii bei bila ushahidi: picha za wakati huo, stakabadhi, au alama kwenye bodi yenyewe kama vile mabati ya kuimarisha yaliyochomelewa zamani na matundu ya taa za ziada. Marehemu hakuwa amedai lolote la aina hiyo, na gari lake halikulihitaji.

Upande wa mitambo nitaugusia kwa ufupi, isipokuwa difu, mtambo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ambayo inafundisha jambo. Difu ya 404 haitumii meno ya kawaida; ina mhimili wenye uzi kama wa skrubu unaozungusha gurudumu la bronzi. Nilipofungua nati ya chini, mafuta yalitoka meusi na mazito, na yalipotulia kwenye beseni nikaona unga wa rangi ya dhahabu ukimeta ukingoni. Hiyo ni bronzi iliyolika. Sababu mojawapo inayojulikana ni kutia mafuta ya difu za kisasa, ambayo baadhi yake yana viungo vya salfa vinavyoshambulia metali za aina ya shaba. Mtu akiona unga ule anaweza kukata tamaa, lakini difu kamili ya 404 nyingine huweza kupatikana, mradi uwiano wa meno uangaliwe. Ni tatizo la gharama. Silichukulii kuwa sababu ya kulivunja gari.

Sasa hesabu ya dalali. Ni kweli kwamba jumla ya bei za spea ikiandikwa kwenye orodha hupita bei ya gari zima lisilotembea, lakini orodha hiyo hulipwa kwa sehemu tu. Vinavyoondoka upesi ni vichache: pampu na vipulizia vyake, kibodi cha kuingizia hewa kwenye injini, usukani, saa za dashibodi, taa na mapambo ya kromu. Vikishaondoka, mwenye gari anabaki na bodi isiyo na thamani, injini isiyo na mfumo wa mafuta, na milango minne ambayo itakaa ukutani miaka. Aliyenunua pampu naye huenda asifaidike, kwa sababu pampu ile ilipimwa pamoja na kibodi cha hewa na fito zinazoviunganisha. Ukiitenganisha, anayeipokea anaanza kazi ya kuipima upya, na visukumizi vyake vilivyokaa kwenye petroli iliyochacha huenda vimeganda kwa utomvu au kutu. Bei aliyotajiwa mama ilikuwa ya pampu nzima inayofanya kazi. Hakuna aliyekuwa ameijaribu.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau kwa sababu haina mapato ya haraka, nayo ni kulihifadhi gari jinsi lilivyo, bila kulikarabati wala kuliuza. Petroli yote inamwagwa, mafuta kidogo yanatiwa ndani ya silinda, gari linawekwa juu ya vigingi ili magurudumu yasibebe uzito, matundu ya maji yanazibuliwa, mianya ya panya inafungwa, na gari linafunikwa kwa turubai la pamba chini ya paa. Plastiki isitumike, kwa sababu inafungia unyevu ndani. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ukarabati, na inampa mwenye gari muda wa kumpata mnunuzi anayelitaka zima. Hivyo ndivyo nilivyomshauri yule mama, na ndivyo alivyoamua. Kwa wanunuzi wa namna hiyo, mahali pazuri pa kuanzia ni watu wanaokusanyika kila mwaka kwenye Concours d’Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, kwani wengi wao wanajua nani anatafuta nini.

Nisieleweke kwamba sikubali kamwe gari livunjwe. Niliwahi kupendekeza hivyo kwa 404 nyingine iliyotoka pwani. Vikombe vya shoki vilikuwa vimegeuka kuwa ungaunga chini ya mabati yaliyobandikwa juu yake, vizingiti vilijaa fila, na ilipoinuliwa kwa jeki mlango wa nyuma uligoma kufunguka. Kuijenga upya kungekuwa kuunda bodi mpya na kuipa nambari ya zamani, jambo ambalo silikubali. Gari kama hilo hufaa zaidi likiyasaidia mengine, na nilifurahi kwamba vioo vyake, giaboksi yake na viti vyake vilikwenda kwenye magari ambayo bado yako barabarani.

Ikiwa uamuzi ni huo, ufanywe kwa utaratibu. Gari lipigwe picha likiwa zima, kisha kila kipande kifunguliwe kwa spana wala kisikatwe, na bolti zake zifungwe kwenye mfuko ulioandikwa. Mfumo wa injekshini uuzwe kama seti moja au usiuzwe. Kabla ya kupiga simu Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya spea jijini, ulizia kwanza kwa wenye magari ya aina hiyohiyo, maana pale bei hupangwa na haraka yako. Kibati cha nambari kilichoko ndani ya boneti kisiuzwe kwa mtu yeyote, hata akitoa bei nzuri kuliko ya injini. Kirudishwe pamoja na logibuku kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili usajili ufutwe. Mabaki ya bodi yapelekwe kwa mfanyabiashara mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, naye akupe stakabadhi yenye tarehe na jina lake, uiweke pamoja na zile picha za kwanza.