Jicho la kiume ni nini? Tuangalie picha za Pixy Liao

Nenda harusi yoyote ile kaa karibu na mpiga picha umsikilize: "bibi harusi inamisha kichwa kidogo, angalia chini, bwana harusi mshike kiuno, angalia huku." Hana nia mbaya, ndivyo alivyozoea, ila picha ikitoka imeshasema nani anaangalia na nani anaangaliwa. Hilo ndo jicho la kiume. Jina lenyewe lilitoka kwenye mambo ya sinema, Muingereza mmoja Laura Mulvey aliliandika kwenye makala yake ya mwaka 1975, akaeleza kwamba filamu nyingi za Hollywood zinampiga picha mwanamke kama vile mwanaume anavyomkagua, na sisi tulioketi tunaangalia, hadi wanawake, tunajikuta tunatumia macho hayohayo.

Na hapa wengi wanakosea, wanadhani ni lazima aliyeshika kamera awe mwanaume. Hapana. Mwanamke anaweza kujifungia chumbani peke yake na simu yake akajipiga selfi hamsini, na kila moja anaichagua au kuifuta kwa jicho hilo.

Sasa Pixy Liao, mpiga picha wa Kichina. Kazaliwa Shanghai 1979, akawa dizaina wa grafiki, mwaka 2006 akaenda Memphis, Marekani, kusomea picha, na huko ndiko alikokutana na Moro, kijana wa Kijapani, mwanamuziki, mdogo kwake kwa miaka mitano. Pixy mwenyewe ameeleza kwamba alivyolelewa China alijua mwanaume wake lazima awe mkubwa kuliko yeye, amlinde, amuongoze. Halafu kaja Moro na mambo yakageuka, mpaka rafiki yake mmoja wa kiume akamuuliza imekuwaje anachagua mpenzi kama wanaume wanavyochagua wasichana wao. Akajiona kweli ndicho anachofanya, na kwa nini asifanye!

Mwaka 2007 akaanza mfululizo wake wa picha wa Experimental Relationship, yaani uhusiano wa majaribio, yeye na Moro ndo wahusika. Mwaka huohuo wizara ya elimu ya China iliingiza kwenye orodha yake ya maneno mapya neno shengnü, "mwanamke aliyebaki", maana yake binti aliyefika miaka 27 na kuendelea hajaolewa. Pixy alikuwa na 28.

Ukitaka kuelewa uzito wa picha hizo anza na lugha. Sisi tunasema mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, kitenzi kinamfanya mmoja mtendaji na mwenzake mtendwa. Kichina nacho kina maneno mawili, mwanaume anasema qǔ, na herufi yake imeundwa kwa "chukua" juu ya "mwanamke", mwanamke anasema jià, herufi ya mwanamke pembeni ya nyumba. Pixy anachofanya kwenye picha ni kumuweka Moro upande wa "-wa", yule anayefanyiwa.

Kuna picha ya 2009 ya kifungua kinywa, Moro amelala mezani bila nguo, papai limewekwa juu ya mwili wake, na Pixy anakula. Nyingine ya 2008, Pixy kavaa nguo zake, Moro kifua wazi, vidole vya Pixy vimeibana chuchu ya Moro, na jina la picha linasema mahusiano yanaenda vizuri kila mtu akijua nafasi yake. Sentensi hiyo mwanamke gani hajaambiwa? Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka, halafu nikajiuliza ningeshtuka kama angekuwa binti ndo amelazwa mezani. Nisingeshtuka, matangazo ya hivyo nimeyaona tangu mdogo.

Ila kosa lingine ni kusema basi hili ni jicho la kike, kageuza tu, sasa mwanaume ndo anaonewa. Angalia vizuri kwenye hizo picha utaona waya mrefu na kipira cheusi cha kuminya, kama kile cha mashine ya kupimia presha, ndo kinachofyatua kamera. Wapiga picha wengi wanakificha, Pixy anakiacha kionekane, na mara nyingi kipo mkononi mwa Moro! Kwa hiyo huyu anayeonekana kafanywa kitu ndiye aliyeamua sekunde ya picha, wakati Pixy kapanga kila kitu kisha anangoja mwenzake aminye.

Mwaka 2021 alifanya maonyesho Fotografiska, jumba la makumbusho ya picha, New York, akayaita Your Gaze Belongs to Me, kwa Kiswahili ningesema Jicho Lako Ni Langu. Na kwenye picha nyingi haangalii chini wala hamwangalii Moro, kakukazia macho wewe uliyesimama mbele yake.