Boma la mpakani: maana yake katika nchi ya Wacherokee

Boma la mpakani ni ngome ambayo koloni huijenga mbali na makazi yake, pembeni au ndani kabisa ya ardhi ya taifa jingine, ili vita isifike mlangoni pa walowezi. Neno "mpaka" hapa lisikupe picha ya mstari kwenye ramani. Katika karne ya 18, kati ya koloni la Waingereza la South Carolina, Amerika Kaskazini, na Wacherokee, taifa la wenyeji wa huko, mpaka ulikuwa nchi nzima ya mito na milima, ambamo watu walinunua ngozi za kulungu, wakaoana, na siku nyingine wakauana.

Gavana James Glen alijenga Fort Prince George mwaka 1753, karibu na mji wa Keowee. Fort Loudoun ilifuata mwaka 1756, ng'ambo ya milima ya Appalachia. Wacherokee wenyewe ndio walioiomba. Waingereza walitaka wapiganaji wa Kicherokee dhidi ya Wafaransa, nao Wacherokee wakataka familia watakazoziacha zipate ulinzi. Mhandisi William Gerard de Brahm alichora ngome yenye mtaro uliopandwa miti ya miiba, na mizinga ikavushwa milimani kwa farasi.

Kwa maoni yangu, kosa la mpango huo lilikuwa tumbo. Boma lililo mbali hivyo haliwezi kula bila ridhaa ya majirani, kwa hiyo urafiki ulikuwa sehemu ya ulinzi sawa na kuta. Gavana William Henry Lyttelton hakulizingatia hilo. Mwaka 1759 aliwakamata wajumbe wa Wacherokee waliokuja kutafuta amani, akawafungia Fort Prince George. Februari 1760 kamanda wa boma hilo, Richard Coytmore, aliitwa nje kwa mazungumzo akapigwa risasi. Askari wake wakawaua mateka wote, zaidi ya 20.

Fort Loudoun ikazingirwa. Jeshi la Waingereza chini ya Archibald Montgomery lilichoma miji ya Wacherokee iliyoitwa miji ya chini, lakini likashambuliwa kwa kuvizia karibu na mji wa Echoee mwezi Juni, likarudi pwani. Waliowalisha askari wa Fort Loudoun kwa muda walikuwa wanawake wa Kicherokee, baadhi yao wake za askari hao. Agosti boma lilisalimu amri kwa njaa. Askari waliruhusiwa kuondoka, ila tarehe 10 walishambuliwa njiani, na kamanda Paul Demere akauawa. Kapteni John Stuart alipona kwa sababu kiongozi wa Kicherokee, Attakullakulla, alimkomboa kwa mali yake na kumsindikiza hadi Virginia.

Mwaka 1761 James Grant alikuja na jeshi kubwa zaidi la Waingereza, akateketeza miji 15 ya Wacherokee pamoja na mashamba yake ya mahindi. Aliyekwenda Charles Town, mji mkuu wa South Carolina wakati huo, kujadili amani mwaka huo alikuwa Attakullakulla yule yule.