Mwanauchumi wa chuoni katika mjadala wa sera ya fedha: maana yake nini?

Tarehe 30 Machi 1981, gazeti la The Times la London lilichapisha tamko fupi lenye saini za wanauchumi 364, wote wakiwa walimu au wastaafu wa vyuo vikuu vya Uingereza. Waliokusanya saini hizo ni maprofesa wawili wa Cambridge, Frank Hahn na Robert Neild. Tamko lilikuwa na hoja nne tu. Kwamba nadharia ya uchumi haiungi mkono imani ya serikali kuwa kubana mahitaji, yaani uwezo wa watu kununua, kutaumaliza mfumuko wa bei kwa kudumu na kisha uchumi uinuke wenyewe. Kwamba sera iliyopo itauzamisha uchumi zaidi na kumomonyoa viwanda. Kwamba njia nyingine zipo. Na kwamba wakati umefika wa kuachana na sera hiyo na kuamua ni njia ipi kati ya hizo inafaa.

Mambo kama hayo ndiyo tunayazungumzia tukisema wanauchumi wa vyuoni wameingia katika mjadala wa hadhara wa sera ya fedha. Ni pale mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kufundisha na kutafiti anapotoka darasani na kusema mbele ya umma kwamba benki kuu inakosea, au kwamba inapatia na isitetereshwe. Anaweza kusema kwa makala ya gazeti, kwa barua ya wazi yenye saini nyingi, kwa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, au kwa mhadhara unaonukuliwa kesho yake kila mahali.

Kabla ya kuendelea tuliweke sawa neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kinatutega hapa. Waziri wa Fedha si mwenye sera ya fedha. Waziri ana bajeti: kodi, matumizi na mikopo ya serikali. Sera ya fedha ni ya benki kuu, nayo inahusu bei ya kukopa na wingi wa fedha katika uchumi. Benki kuu ikipandisha riba yake, mabenki nayo hupandisha ya kwao, wakopaji hupungua, matumizi hupoa, na kasi ya bei kupanda hushuka. Ikishusha riba, mambo huenda kinyume chake. Mijadala mingi ya hadhara huchanganya mambo haya mawili, na tamko la 1981 lilikuwa hivyo hivyo: lilichochewa na bajeti iliyopandisha kodi katikati ya mdororo, lakini shabaha yake ilikuwa nadharia nzima ya kudhibiti bei kwa kudhibiti ujazi wa fedha.

Kuna jambo moja kuhusu sera ya fedha linaloufanya mjadala huu uwe mgumu kuliko mingine, nalo ni kuchelewa. Riba iliyopandishwa leo huchukua mwaka, pengine miwili, kabla athari yake haijafika kikamilifu kwenye bei na ajira. Kufikia hapo mafuta yamepanda, vita vimezuka, serikali imebadilika. Nani basi ataonyesha kwa hakika kwamba kilichoshusha bei ni riba na si mengineyo? Ndiyo maana maprofesa wawili wenye takwimu zilezile wanaweza kubishana miaka thelathini bila yeyote kati yao kuwa mwongo.

Sasa, kwa nini sauti yao itakiwe? Benki kuu nyingi zimepewa uhuru wa kupanga riba bila kuamriwa na wanasiasa. New Zealand ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1989, na Benki Kuu ya Uingereza ikapewa uhuru huo mwaka 1997. Hoja iliyoupa uhuru huo nguvu ilitoka vyuoni. Mwaka 1977 Finn Kydland na Edward Prescott walionyesha kwamba mtunga sera anayeahidi bei tulivu leo atashawishika kuvunja ahadi kesho, na wananchi, wakilijua hilo, hawatamwamini tangu mwanzo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Lakini uhuru huo una gharama. Unawapa watu wachache ambao hawakuchaguliwa na yeyote uwezo wa kuamua nani atapata mkopo wa nyumba na nani atapoteza kazi. Watu wa namna hiyo lazima wahojiwe hadharani, na wahojiwe na mtu anayeijua kazi yao.

Wenye ujuzi huo si wengi, na wengi wao wamefungwa midomo kwa namna fulani. Mchumi aliyeajiriwa na benki kuu ana gavana juu yake. Katika Benki Kuu ya Marekani, wajumbe hunyamaza kabisa kuhusu sera kuanzia Jumamosi ya pili kabla ya kikao cha riba. Mchumi wa benki ya biashara ana wateja wenye hatifungani, yaani hati za mikopo ambazo thamani yake hutegemea riba. Profesa mwenye ajira ya kudumu hana bosi wa namna hiyo, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Nisitie chumvi, hata hivyo: wapo maprofesa wanaolipwa na mifuko ya uwekezaji, na wapo wanaokuja kukalia kiti chenyewe wanachokikosoa. Mmoja wa wale 364 wa mwaka 1981 alikuwa Mervyn King, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza kuanzia 2003 hadi 2013.

Ninachotaka msomaji aondoke nacho ni kwamba kauli ya profesa kuhusu riba huwa na mambo matatu yaliyoshonwa pamoja, na hayana uzito sawa. Kuna maelezo ya jinsi mtambo unavyofanya kazi: ukigusa hapa, pale panasogea. Hapo ndipo ana ujuzi kutuzidi. Kuna utabiri: bei zitafika wapi, lini. Hapo ujuzi wake hupungua ghafla. Na kuna uamuzi wa nani aumie: wenye akiba wanaoliwa na mfumuko wa bei, au vijana watakaokosa kazi riba ikipanda. Hapo hana mamlaka kuliko raia mwingine yeyote. Shida ni kwamba yote matatu hutamkwa kwa sauti moja, chini ya cheo kimoja.

Tazama barua ya wazi ya Novemba 2010 kwa Ben Bernanke, mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani wakati huo. Watu 23, wakiwemo maprofesa mashuhuri kama John Taylor wa Stanford, walipinga mpango wa benki hiyo wa kununua hatifungani za dola bilioni 600, yaani kuingiza fedha mpya katika uchumi. Walionya kwamba ununuzi huo unaleta hatari ya kuporomosha thamani ya dola na kuchochea mfumuko wa bei. Mwaka 2011 bei zilipanda kwa takriban asilimia 3, kisha kasi ikapungua, na muongo ule ukaisha bila dhoruba waliyoihofia. Walipoulizwa baadaye, baadhi yao walijibu kwamba wao walitaja hatari tu, hawakutabiri. Kwa herufi za barua ni kweli. Ila neno “hatari” bila kiasi wala tarehe haliwezi kukosea hata siku moja, na hoja isiyoweza kukosea haimsaidii mwananchi kupima kitu.

Larry Summers wa Harvard anatufundisha zaidi, kwa sababu alitaja namba. Mapema mwaka 2021, wakati wengi wakisema hapana tatizo, aliandika kwamba kifurushi cha serikali ya Marekani cha kuinua uchumi, cha dola trilioni 1.9, kingeweza kuamsha mfumuko wa bei ambao kizazi kizima hakijauona. Juni 2022 mfumuko huo ulifika asilimia 9.1. Alikuwa amepatia. Mwezi huohuo, akihutubia London, alisema kuushusha kungehitaji ukosefu wa ajira wa zaidi ya asilimia 5 kwa miaka mitano, au wa asilimia 10 kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja baadaye mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3, na ukosefu wa ajira haujafika hata asilimia 4. Mtu yuleyule, elimu ileile. Mimi namheshimu kwa yote mawili, kwa sababu alitupa kitu cha kupimia.

Wale 364 nao hawana hukumu moja. Pato la Uingereza lilianza kukua mwaka uleule wa 1981, na mfumuko wa bei ukashuka kutoka asilimia 18 mwaka 1980 hadi chini ya asilimia 5 mwaka 1983. Wakosoaji wao hushika hapo. Lakini mwanzoni mwa 1982 watu wasio na kazi walivuka milioni 3, na idadi ikabaki huko kwa miaka. Ukishika hapo, onyo lao kuhusu viwanda linasomeka vingine kabisa.

Isidhaniwe pia kwamba wanabishana juu ya kila kitu. Mwaka 2012 jopo la wanauchumi mashuhuri linaloendeshwa na Chuo Kikuu cha Chicago liliulizwa kama kuifungamanisha dola na dhahabu kungewapa Wamarekani bei tulivu zaidi na ajira bora. Hakuna hata mmoja aliyekubali. Jambo kama hilo likirudi kwenye majukwaa ya siasa, na hurudi, mwandishi anayemweka profesa mmoja upande huu na mpinzani mmoja upande ule anampa msomaji picha ya uongo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Japani. Koichi Hamada, profesa wa Yale, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Tokyo, na mmoja wa wanafunzi wake huko alikuwa Masaaki Shirakawa. Mwanafunzi huyo akawa gavana wa Benki Kuu ya Japani mwaka 2008, nchi ikiwa imeandamwa kwa miaka na bei zinazoshuka. Mwaka 2010 mwalimu wake alimwandikia barua ya wazi akimsihi alegeze sera, yaani aongeze fedha katika uchumi, kwa nguvu zaidi. Shirakawa hakukubali kwamba fedha peke yake ndiyo dawa. Alisisitiza kuwa Japani inazeeka na watu wake wanapungua. Hamada akawa mshauri wa waziri mkuu Shinzo Abe. Januari 2013 benki ikatangaza lengo la mfumuko wa asilimia 2, Shirakawa akaondoka Machi, na mrithi wake akanunua hatifungani kwa kiwango ambacho nchi hiyo haikuwahi kukiona. Ajira ziliongezeka na bei zikaacha kushuka, lakini asilimia 2 ya kudumu haikuonekana hadi 2022, wakati bei za bidhaa zilipopanda dunia nzima.