Kichupa cha dozi kumi

Kila viwango vya chanjo vikishuka wilayani, kikaoni kuna mtu lazima aseme akina mama hawana elimu. Nimekuwa mratibu wa chanjo miaka kadhaa sasa, na kauli hiyo imenichosha. Mama anayekataa chanjo nimemkuta mara chache. Ninaowakuta sana ni waliokuja wakarudishwa.

Tuchukue chanjo ya surua na rubela hapa Tanzania. Ni unga, kichupa kimoja dozi 10. Ukishauchanganya na maji yake una saa 6, kinachobaki unamwaga. Sasa nesi wa zahanati ya kijijini ana mtoto mmoja tu mbele yake. Akifungua, huenda dozi 9 zikaharibika, na mwisho wa mwezi sisi wa wilayani tutamuuliza kwa nini upotevu umepanda. Basi anamwambia mama, "Njoo Jumatano, watoto watakuwa wengi." Shirika la Afya Duniani linasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nesi anaujua mwongozo huo, ila anaijua vizuri zaidi fomu yetu.

Jumatano mama yuko shambani. Au mvua imekata njia. Au amekwisha lipa bodaboda mara moja wiki hiyo na hela nyingine hana.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina shida hiyo hiyo. Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ina nafuu: kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28, mradi kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 na kile kialama chake cha kuonyesha kama chanjo imepata joto kiwe hakijageuka rangi. Ndiyo maana siku ya Penta ni nadra mama kurudishwa.

Kuna na dozi ya pili ya surua, ya miezi 18. Dozi ya miezi 9 huwakinga watoto kama 85 kati ya 100, na surua haizuiliki mpaka kinga katika jamii ifike karibu asilimia 95. Lakini mtoto wa miezi 18 anakimbia uwanjani, hana tena ratiba ya chanjo ya kila mwezi, pengine analelewa na bibi na kadi ya kliniki imebaki mjini kwa mama yake. (Asilimia za watoto waliochanjwa tunazotuma juu nazo zisikudanganye. Makadirio ya idadi ya watoto yakiwa chini, kituo kinachanja asilimia 110, na watoto wasiochanjwa bado wapo.)

Siku hizi nikienda ukaguzi naanza na swali jingine: mwezi huu mmewarudisha wangapi? Vituo vingi hawana pa kuandika. Zahanati moja nilikuta nesi ana daftari lake la shule, majina na namba za simu. Wakifika watatu au wanne anawapigia wote waje siku moja, anafungua kichupa. Nikamuuliza vocha analipiwa na nani. Akacheka.