Kiswahili cha nyumbani hakimcheleweshi mtoto kusoma

Wazazi wengi waliohamia Marekani wameambiwa hivi: mtoto wenu anachelewa kusoma kwa sababu nyumbani mnaongea Kiswahili, basi ongeeni naye Kiingereza tu. Wapo waliotii, na mama mwenye Kiingereza cha kuungaunga akabaki hana cha kumsimulia mwanawe usiku. Inauma.

Ushauri huo si sahihi. Lugha mbili hazisababishi disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kutambua sauti za maneno. Tatizo la kweli la kujifunza hujitokeza katika lugha zote mbili: mtoto wa darasa la pili asiyesikia kwamba "mama" na "meza" yanaanza kwa sauti moja atahangaika na Kiingereza pia. Lakini akisimulia kisa cha sungura na fisi mwanzo hadi mwisho, kisha darasani ananyamaza, huenda bado anajifunza Kiingereza tu.

Kosa hili lina historia chungu. Huko California, kesi ya mahakamani ya mwaka 1970 iitwayo Diana ilihusu watoto wenye asili ya Meksiko waliowekwa kwenye madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili baada ya kupimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa upya kwa lugha yao, wengi walionekana hawakustahili kuwa huko. Sheria ya shirikisho ya 1975 ikataka mtoto apimwe kwa lugha anayoijua.

Kwa hiyo, mzazi mwenye wasiwasi aiandikie shule ya umma barua ya kuomba tathmini, yaani mtoto apimwe kama ana tatizo la kujifunza. Ni bure, na kwenye kikao cha shule kuhusu mtoto wake mzazi ana haki ya mkalimani. Barua iwe na tarehe, nakala abaki nayo.