Umecheza toleo lipi? Dhana potofu kuhusu kuhakiki gemu na modi

Mchezaji anapomwuliza mwenzake gemu fulani ikoje, anataka kujua yatakayomkuta yeye akiinunua. Je, itakwenda kwenye mashine yake au itakuwa inakwamakwama? Saa za mwanzo zina nini? Vilivyotangazwa vimo kweli ndani? Dhana nyingi potofu kuhusu uhakiki zinazaliwa pale maswali hayo yanaposahaulika, watu wakaanza kugombania alama huku hakuna hata mmoja aliyesema alicheza toleo lipi, kwenye mashine gani, kwa saa ngapi. Hizi ni zile ninazokutana nazo kila mara, za gemu zenyewe na za modi, yaani nyongeza na marekebisho yanayotengenezwa na mashabiki.

"Asilimia 95 kwenye Steam maana yake gemu imepata 95 kwa 100"

Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hakuna anayetoa alama. Mchezaji anabonyeza kidole juu au kidole chini, basi. Asilimia unayoiona ni sehemu ya walioipendekeza kati ya wote walioandika. Kwa hiyo gemu ambayo kila mtu ameiona "si haba" inaweza kupata 98, na gemu ambayo wengine wanaihusudu na wengine hawaivumilii ikaishia 65. Kwa mtu mwenye ladha yake, huenda hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa akiitafuta siku zote.

Mimi hutazama vitu viwili kabla ya asilimia. Cha kwanza ni saa: Steam huonyesha mtu alikuwa amecheza kwa muda gani alipoandika maoni yake. Cha pili ni tofauti kati ya maoni ya tangu mwanzo na ya siku 30 zilizopita, ambayo huwekwa kando kando. Gemu yenye sifa njema ya miaka lakini imechafuka mwezi huu imepatwa na jambo: sasisho limeharibu kitu, seva zimeyumba, au vya kulipia vimeongezwa ndani. Kisha soma maoni hasi ya waliocheza sana. Mtu aliyekaa na gemu saa 400 halafu akasema msinunue, msikilize. (Wengine ni walalamishi tu, utawatambua kwa kuwa hawataji jambo lolote mahususi.)

Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, nako kuna mtego wake. Nambari ile ni wastani uliopimwa kwa uzito, vyombo vingine vikihesabiwa zaidi ya vingine, na uzito wenyewe hauwekwi hadharani. Hata hivyo kuna mikataba iliyofungwa juu yake. Mwaka 2012 Chris Avellone wa studio ya Obsidian alieleza kwamba wangelipwa bonasi kwa gemu yao ya Fallout: New Vegas kama ingefikisha 85. Ikapata 84. Ndiyo maana siweki alama kabisa: sijui tofauti ya 84 na 85 ni nini, na sijakutana na anayeijua.

"Huwezi kuhakiki gemu usiyoimaliza"

Kama ni hivyo, gemu za mtandaoni zisizo na mwisho zisingehakikiwa milele. Kinachotakiwa ni kusema umefika wapi. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na hujazidi saa mbili za kucheza, kwa hiyo uhakiki wa saa mbili za mwanzo una kazi yake kubwa, mradi uitwe hivyo. Unamwonyesha mwenzako atakayoyaona wakati bado ana njia ya kurudi. Gemu ya hadithi, inayosimama au kuanguka kwa mwisho wake, ni habari nyingine, hiyo isubiri.

"Aliyepewa kopi ya bure ameshanunuliwa"

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kopi ya mapema ni chombo cha kazi. Bila hiyo uhakiki ungetoka wiki moja baada ya watu kulipa. Cha kuuliza ni masharti yaliyoambatana nayo.

Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Warner Bros. kuhusu matangazo ya Middle-earth: Shadow of Mordor, gemu ya 2014. Watengeneza video maarufu walikuwa wamelipwa kuisifu, na miongoni mwa maelekezo waliyopewa ni kutoonyesha hitilafu. Tangazo kwamba wamelipwa lilifichwa ndani ya maelezo yaliyo chini ya video, mahali ambapo lazima ubonyeze ndipo uyaone. Mtazamaji aliona mchezaji mwenzake akifurahia. Kumbe ni tangazo.

Cyberpunk 2077 ni ya namna nyingine, na kwangu inafundisha zaidi kwa sababu wahakiki hawakulipwa kitu. Kabla ya Desemba 10, 2020, walipewa toleo la kompyuta, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe, ila zile za kampuni. Waliandika walichokiona kwenye kompyuta zenye nguvu, na wengi walikisifu. Siku ya kutoka, wenye konsoli za PlayStation 4 na Xbox One wakakuta gemu inayoganda, watu wasio na nyuso, magari yanayotokea ghafla barabarani. Hazikupita siku nyingi Sony ikaiondoa kwenye duka lake na kuanza kurudisha pesa. Haikurudi hapo hadi Juni 2021. Waliosifu hawakudanganya. Ila msomaji mwenye konsoli aliyekuwa akisoma sifa za gemu ya kompyuta alikuwa akisoma kuhusu gemu nyingine, na sentensi moja tu, "toleo la konsoli sijaliona", ingemwokoa. Waliokuwa makini waliiandika. Wengine waliizika aya ya mwisho.

"Uhakiki ukishaandikwa, umeandikwa"

No Man's Sky ilipotoka Agosti 2016 ilishambuliwa kila kona, na haki ilikuwa upande wa wachezaji: mengi waliyoahidiwa hayakuwemo. Julai 2018 sasisho la NEXT likaleta uchezaji kamili wa pamoja, na masasisho hayajakoma tangu hapo. Uhakiki wa 2016 ni wa kweli hadi leo, kwa gemu ya 2016. Cyberpunk vivyo hivyo, sasisho la 2.0 la Septemba 2023 lilipangua mfumo wa ujuzi na wa polisi kiasi kwamba ushauri wa zamani wa jinsi ya kumjenga mhusika haufai kitu. Weka namba ya toleo juu kabisa, pamoja na tarehe. Ni mstari mmoja.

"Modi ni ya bure, kwa hiyo usiikosoe"

Mtengenezaji ametoa muda wake bila malipo, kweli, na matusi hayana nafasi. Lakini anayeisakinisha naye anaweka kitu mezani: sevu yake, yaani mchezo wake uliohifadhiwa, ya saa themanini. Akiipoteza, u-bure wa modi haumrudishii.

Chukua DSfix, modi ya gemu ya Dark Souls. Dark Souls ilipofika kwenye kompyuta Agosti 2012, picha yake ilichorwa kwa pikseli 1024 kwa 720 bila kujali ukubwa wa skrini yako, kisha ikavutwa ijaze. Kila kitu kilionekana kama kina ukungu. Gemu ilikuwa haijapoa bado, mtaalamu anayejulikana kwa jina la Durante akatoa suluhisho. Unaweka mafaili yake kwenye folda ya gemu, unafungua DSfix.ini kwa programu yoyote ya maandishi, unabadilisha namba mbili za upana na urefu wa picha, unahifadhi. Ukiwasha gemu, mawe ya ukutani yana mipasuko ambayo hukuwahi kuiona.

Baadaye modi hiyo iliongezewa uwezo wa kuvuka kikomo cha fremu (picha) 30 kwa sekunde hadi 60, na hapa ndipo mhakiki anapopata kazi ya kweli. Gemu ile ilitengenezwa ikitegemea fremu 30 katika mahesabu yake ya ndani. Kwa 60, ukiteleza kushuka ngazi unaweza kupenya sakafu na kuanguka hadi ufe, na mruko wako unakuwa mfupi, ukashindwa kufika ukingo ambao kwa kawaida unafikika. Dawa ni kurudi kwenye fremu 30 kabla ya ngazi au mruko huo. Sasa linganisha: "DSfix ni moto, lazima uwe nayo", na "DSfix ni lazima, fremu 60 ni tamu, ila zizime kabla hujateleza ngazini." Sentensi ya pili imeongeza maneno machache tu na imeokoa roho za watu wengi (na roho ndiyo sarafu ya gemu ile).

Kuipima modi vizuri kunahitaji subira kuliko kipaji. Ianze peke yake, kwenye sevu mpya, pamoja na zile tu inazozihitaji. Ikikaa sawa, iingize kwenye orodha yako ya kawaida. Ikigoma hapo, tatizo ni mgongano na modi nyingine au mpangilio wa kuzipakia, na usimpelekee mtengenezaji lawama ambazo si zake. Halafu jaribu kuiondoa. Wahakiki wengi hawafiki hapa, nami sielewi kwa nini, maana msomaji atataka kuiondoa siku moja. Kwenye Skyrim, modi inayotumia hati za amri (script) huacha mabaki yake ndani ya sevu hata ukishafuta mafaili, na sevu hiyo inaweza kuja kukugomea wakati umeshasahau ulichokiondoa. Modi inayobadilisha rangi ya upanga haina shida hiyo. Anayesoma hawezi kujua ipi ni ipi usipomwambia.

"Imeacha kufanya kazi, basi mtengenezaji ameiharibu"

Mara nyingi aliyebadilika ni gemu. Aprili 2024 Bethesda ilitoa sasisho kubwa la Fallout 4, na modi nyingi zilizotegemea F4SE, programu ya mashabiki inayoongezea gemu hiyo uwezo, zikasimama siku hiyo hiyo bila watengenezaji wake kugusa herufi. Fallout: London, kazi ya miaka ya timu ya mashabiki, ililazimika kuahirishwa, na ilipotoka Julai, mchezaji alitakiwa kwanza airudishe gemu yake kwenye toleo la zamani. Waliosema haifanyi kazi, wengine walikuwa wameruka hatua hiyo. Kwa modi unahitaji namba mbili za toleo, ya modi na ya gemu, na moja bila ya pili haisaidii.

"Imepakuliwa na wengi, basi ni salama"

Juni 2023 akaunti za baadhi ya watengenezaji wa modi za Minecraft ziliporwa, na programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ikapachikwa ndani ya modi zao kwenye CurseForge na Bukkit, tovuti za kupakulia modi, zikiwemo zilizopendwa sana. Ilikuwa ikiiba taarifa za kuingilia kwenye akaunti. Siku ya Krismasi mwaka huo huo ikatokea kwa Downfall, modi inayosifika ya Slay the Spire: akaunti ya mmoja wa watengenezaji wake ilitekwa na sasisho lenye sumu likapitishwa kwenye Steam yenyewe. Wingi wa wapakuaji haukumlinda mtu. Ulimpa mwizi soko kubwa. Mhakiki hawezi kuwa maabara ya usalama, lakini anaweza kusema aliipakua wapi na lini. Na modi ikikuomba uzime kinga ya virusi, hakuna uhakiki wa kuandika zaidi ya kuwaambia wenzako waachane nayo.

"Maoni mabaya yakija kwa mkupuo ni fitina"

Inategemea wanalalamikia nini. Mei 2024 Helldivers 2 ilipokea mamia ya maelfu ya vidole chini kwa siku chache, baada ya Sony kutangaza kwamba wachezaji wa kompyuta watalazimika kuunganisha akaunti ya PSN, huduma ya mtandaoni ya PlayStation ambayo katika nchi nyingi haipo kabisa. Watu waliokuwa wamelipa walikuwa wakifungiwa mlango. Sony ikarudi nyuma. Kwa upande mwingine, The Last of Us Part II ilipotoka Juni 19, 2020, kurasa za Metacritic zilijaa sifuri ndani ya saa chache, kwa gemu ambayo hata anayekimbia haimalizi kwa muda huo. Baadaye Metacritic iliweka kipindi cha kusubiri kabla mtu hajaruhusiwa kutoa alama. Mkupuo wa kwanza ulikuwa na habari ndani yake. Wa pili ulikuwa kelele.

"Modi si gemu"

Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya Half-Life. Dota ilikuwa ramani ya Warcraft III. Hayo yanajulikana. Ninayoipenda mimi ni The Forgotten City, modi ya Skyrim ya 2015 iliyopata tuzo ya chama cha waandishi wa Australia mwaka uliofuata. Mwaka 2021 ikatoka kama gemu inayojitegemea, na wapo walioipita dukani wakisema wameshaicheza. Hawajaicheza. Mji wa chini ya ardhi wa ulimwengu wa Skyrim umekuwa mji wa Kirumi, wakazi wameandikwa upya, na miisho si ile ile. Anayeijua ile ya 2015 tu, ahakiki ile ya 2015.